Taa Nane za Nyumba Namba Nne

Kinoo,
Jumanne, 16 Septemba 2008.

Kwako Eve, jirani yangu wa ukuta mmoja,

Pokea huko Ugunja salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Naomba barua hii ikukute umeketi, tena umeegemeza mgongo, kwa sababu ni ndefu, na mwanamke aliyejifungua mwezi jana hana haja ya kusoma barua ndefu akiwa amesimama. Mtoto ananyonya vizuri? Wewe mwenyewe unakula, au bado ni yale mambo yako ya kusema umeshiba baada ya vijiko vitatu? Na mkono wa Ogutu, vile vidole viwili vimeanza kukunjika, ama bado anashika kikombe kwa kushoto? Huku kwetu hatujambo. Shiku wangu amerudi shuleni baada ya kunimalizia unga wote likizo hii. Ng'ombe amezaa, lakini amezaa dume, kama kawaida yake ya kunikomoa.

Barua yako ilinifikia Alhamisi. Niliisoma langoni kabla sijaingia ndani, kisha nikaisoma tena jikoni, na ugali ukaungua. Miaka minane mmengoja mtoto, Eve, na Mungu amekujibu. Unaniambia atabatizwa Jumapili ya tarehe ishirini na nane, na kwamba ataitwa Virginia, jina langu la ubatizo ambalo huku mtaani hakuna anayelikumbuka isipokuwa watu wachache wa kanisani. Unasema ni Ogutu mwenyewe aliyelitaka, kwa kuwa kwenu mtoto anaweza kupewa jina la mtu aliyemwokoa babake, hata kama mtu huyo si wa damu yenu. Nililia. Najua ukisoma hapo utatabasamu ukidhani ni machozi ya furaha, lakini naomba usitabasamu bado.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Nilijaribu mara mbili, nikakata kabla haijaita. Nakujua wewe. Kwenye simu ungesema "hakuna shida, Mama Shiku" kabla sijafika katikati, na mimi kwa uoga wangu ningeishukuru hiyo "hakuna shida" na kunyamaza. Barua haikatizwi.

Kwanza nikukumbushe jinsi tulivyokuwa, maana bila hayo mengine hayataeleweka. Ulipohamia namba nne na mume wako fundi wa stima, nilikuona mpangaji kama wengine. Halafu Jumamosi moja Ogutu akarudi kutoka kazini Westlands, walikokuwa wakibomoa zile nyumba za zamani za miaka ya hamsini na kitu ili wajenge maghorofa, na kwapani amebeba yule bibi wa plasta mwenye kikapu na mkono mmoja uliokatika. Taa, kumbe. Nilicheka hadi nikashika ukuta. Nilikuuliza kama mumeo hakupata sufuria huko. Ukanijibu kwamba sufuria kila mtu anayo. Ulipomwasha yule bibi jioni ile, kwa kuingiza mkono chini ya sketi yake ilipo swichi, uso wake ukang'aa na nikaacha kucheka. Mwezi uliofuata ni mimi niliyekuwa nikikuuliza Ogutu anabomoa wapi.

Nikuambie ukweli, ile ndiyo ilikuwa miaka yangu mizuri tangu nifiwe na mume. Tulikwenda Dagoretti kwa yule mzee wa vyuma kuukuu, tukamfukulia stoo yake yote mpaka akatuita panya wawili. Tulimpata chui mweusi wa kauri mwenye balbu mgongoni, tukapata lile nanasi la kioo ambalo huwashwa kwa kuzungusha majani yake. Ogutu alikuwa akikata zile plagi za zamani za miguu ya duara na kuweka za kisasa, anavuta waya mpya, anapuliza vumbi, na sisi tumekaa kama watu wanaongoja mkate utoke kwenye oveni. Watu walituona wehu. Kasisi alipotutembelea na kukukuta umeingiza mkono chini ya sketi ya bibi wa plasta, hakumaliza chai yake.

Halafu ikaja ile ya samaki. Unaikumbuka siku hiyo, sina haja ya kueleza sana. Ngozi ya nje imechorwa maji, ndani kuna ngozi nyingine yenye samaki wekundu, na joto la balbu ndilo huizungusha ile ya ndani. Ukivuta mnyororo inawaka tu kama taa yoyote, unaona imekudanganya. Baada ya dakika nne hivi samaki wa kwanza anasogea. Nilikuomba uniuzie taa ile. Ukacheka. Nikakuomba tena Pasaka, nikakuomba mara ya tatu siku ulipokuwa na homa, na bado ukakataa, ukasema nije kuitazama wakati wowote, mlango haufungwi. Ulikuwa na haki. Nilikwenda nyumbani nikiwa nimenuna, na nilinuna kwa muda mrefu kuliko ulivyojua.

Sasa tuje kwa ile Januari baada ya kura, watu wa upande wenu walipokuwa wakisakwa nyumba kwa nyumba. Ogutu amekusimulia kwa jinsi alivyoiona yeye, lakini yeye alikuwa juu ya dari na mimi nilikuwa chini, na kuna mambo hakuyasikia.

Mlikimbilia kituo cha polisi Jumatano, wewe na mimba yako changa ambayo ulikuwa umeniambia mimi peke yangu siku ya Krismasi. Ijumaa saa tatu asubuhi Ogutu akagonga mlango wangu wa jikoni. Alikuwa amerudi kuchukua cheti chake cha ufundi, akasema bila karatasi ile hatapata kazi popote duniani. Nilimpa chai, akainywa amesimama. Akaingia namba nne kwa ufunguo wake. Hakukaa dakika kumi, nikasikia lango la ploti likisukumwa. Nilitoka mbio kumwonya, na nilipofika mlangoni kwenu nikaona mguu wake wa mwisho ukipotelea kwenye ule mwanya wa dari juu ya bafu.

Walikuwa wanaume saba. Aliyewaongoza ni Kibe wa mbao, yule anayeimba besi kanisani. Mkononi alikuwa na daftari. Alilifungua, akasoma: Ogutu, namba nne, fundi wa stima. Aliniuliza huyo mtu yuko wapi. Nikamwambia wamehama, mke na mume, na hawarudi.

"Na hizi vitu?" akauliza.

"Zangu," nikasema. "Nyumba ni yangu na vilivyomo ni vyangu."

Kibe si mjinga. Alizunguka chumba akiziangalia taa zilizopangwa pale kabatini na juu ya meza. Alijua kuna wenye nyumba waliokuwa wakiwafichia wapangaji vitu vyao, na vitu vya namna hiyo vilikuwa vikitolewa nje na kuchomwa barabarani, na aliyevificha hakuachwa hivi hivi. Zaidi ya hayo, wakijua nimedanganya wangepekua mpaka bafuni. Akamgusa bibi wa plasta kichwani kwa daftari lake.

"Kama ni zako, Mama Shiku, washa."

Nilimwasha bibi. Mkono wangu uliijua njia. Akanionyesha chui, nikamwasha. Nanasi, nikazungusha majani. Yale makopo matatu ya rangi, nikagonga mguu wa taa kwa kidole kama ulivyonifundisha, yakawaka moja baada ya lingine. Roketi. Dunia ya kioo. Vijana waliokuja na Kibe walianza kukaribia, mmoja akaweka rungu lake kitini ili aone vizuri. Mikono yangu ilikuwa imetulia, sijui kwa nini. Kila taa ilikuwa kama mtu anayenitolea ushahidi.

Nikavuta mnyororo wa samaki. Ikawaka. Kibe akageuka kwenda kwa inayofuata, nikamwambia, "Ngoja kidogo. Samaki hawaamki haraka." Nilitaka tu dakika. Sikujua nitazifanyia nini. Na Eve, walingoja. Wanaume saba walisimama pale wakitazama taa. Samaki wa kwanza aliposogea, yule kijana wa rungu alicheka kama mtoto, na hata Kibe alitikisa kichwa. Nikawaza labda imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Kibe akaweka mkono juu ya kasuku.

Yule kasuku Ogutu alimleta wiki ya Krismasi, akiwa bado na vumbi la simenti. Nilimwona mara moja tu, hajawekwa hata plagi. Sasa alikuwa na plagi na waya mpya, lakini swichi sikuijua. Niliichomeka plagi ukutani. Nikapapasa waya, hakuna kitu. Nikashika shingo ya balbu, haizunguki. Nikapapasa mbawa, nikapapasa gogo alilosimamia. Nilihisi macho yao mgongoni. Kibe alikuwa akigongagonga daftari kwenye paja lake. Nikamgusa yule ndege kila mahali ambapo mtu anaweza kumgusa ndege, na nikajua kwamba sekunde chache zijazo nitageuka, na atauona uso wangu, na kazi itakuwa imeisha.

Hapo taa zote saba zikazimika.

"Stima imepotea," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya kulalamika kama ya kila siku. Nani Kenya hii huuliza stima imepotelea wapi? Vijana walishusha pumzi. Lakini nilisikia harufu ya mpira ulioungua ikishuka kutoka juu, na hapo nikaelewa ni nani aliyeipoteza. Alikuwa amezing'oa nyaya mahali zinapoungana huko darini, bila koleo, kwa vidole. Wewe unavijua hivyo vidole. Hakutoa hata mguno.

Sasa sikia hili, maana hili Ogutu hakulisikia. Dukani kwa Maina, upande wa pili wa ukuta, redio ilikuwa inaendelea kuimba. Yule kijana wa rungu akauliza mbona redio inaimba kama stima imepotea. Kibe akaenda dirishani, akamwita Maina, akamuuliza kama kwake stima iko. Mimi niliweza kusikia friji yake ya soda ikinguruma kupitia ukutani. Maina akajibu, "Imeenda kitambo. Hii ni ya betri." Baada ya muda mfupi friji nayo ikanyamaza. Aliichomoa, Eve. Alisimama dukani kwake, hajui ni nani yuko juu ya dari na hajaulizwa asaidie, akaelewa kwamba upande huu wa ukuta kuna mtu anayehitaji giza, akatupa.

Kibe aliandika kitu kwenye daftari, akaondoka. Kabla ya kutoka alinionyesha: alikuwa amekata jina la Ogutu kwa mstari mmoja, na juu yake ameandika Virginia, jina analonijulia kanisani, ili nijue kwamba uongo ukigundulika nitajibu mimi. Saa nane shemeji yangu Ephantus alipita na pikapu yake ya majani ya ng'ombe, na Ogutu akalala chini ya yale majani mpaka kituoni. Mengine unayajua, kwa sababu ni wewe uliyemfunga ule mkono kwa kipande cha leso.

Katika barua yako umeandika kwamba umewasamehe wengi lakini Maina hujamsamehe. Unaamini ni yeye aliyempa Kibe jina lenu, kwa sababu ya ule ugomvi wake na Ogutu juu ya waya wa dukani. Umeandika kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Ni kweli, Eve, ki nguoni. Lakini hukupapasa nguo iliyo sawa.

Jumatatu ya mwisho ya mwaka, siku moja baada ya matokeo ya kura kutangazwa, wenye nyumba wa upande wetu tuliitwa kwenye mkutano. Tulikuwa kumi na wawili. Tuliambiwa ni kwa ajili ya usalama, kwamba ni vizuri ijulikane nani anaishi wapi na ametoka upande gani. Daftari jipya likatolewa, bado lina bei yake nyuma, na kwa kuwa nilikaa karibu na mlango likaanzia kwangu. Debra, yule mjane mzee wa kona, lilipomfikia alisema amesahau miwani. Wakamwambia watamwandikia, ataje tu. Akasema bila miwani hata majina hayakumbuki. Wakamzomea, akaweka mikono yake mapajani, na miwani ilikuwa shingoni mwake, tunaiona sote.

Mimi niliandika. Hakuna aliyenishika mkono. Niliandika Ogutu, nyumba namba nne, fundi wa stima, kwa mwandiko huu huu unaousoma. Ningeweza kusema niliogopa, na niliogopa, hiyo ni kweli. Lakini mtu mwenye woga huandika haraka na kupitisha. Mimi nilishika ile kalamu kidogo kabla ya kuipitisha, na katika kile kidogo nilifikiri jambo. Nilifikiri: wakiondoka, samaki watabaki kwangu.

Nimeliandika. Miezi tisa nimelibeba na sijamwambia kasisi wala Shiku. Nilijua una mimba. Nilijua nyumba itakuwa na watu wawili na nusu, nami nikafikiria taa. Sikutaka muumie, nilijiambia mtakwenda tu, taratibu, mkirudi kwenu kwa muda. Tamaa ina njia yake ya kuongea kwa upole. Ni siku ile ya Ijumaa, nilipoona kile kisigino cha Ogutu kikipotelea juu ya bafu, na soksi yake imetoboka, ndipo nilipojua kwamba niliandika mtu. Yote niliyofanya baada ya hapo, ule uongo na kuwasha taa, nilikuwa nikijaribu kuufuta mstari wangu mwenyewe. Kwa hiyo sikumwokoa mume wako. Nilimtia shimoni, halafu yeye mwenyewe na Maina wakamtoa, nami nikashukuriwa.

Taa nilizihamishia kwangu jioni ile ile. Nilikuwa nikiwasha samaki kila siku baada ya chakula, na nasema kwa aibu kwamba walinifurahisha. Tangu Alhamisi sijavuta ule mnyororo. Nimezifunga zote nane, kila moja na blanketi au sweta yake, na kesho Ephantus atazipeleka kwenye basi la Ugunja. Barua hii inatangulia na basi la usiku wa leo, kwa hiyo mwambie Ogutu azipokee taa Alhamisi asubuhi stendi. Dunia ya kioo ina ufa kidogo chini, ni mimi, niliigonga kwenye mlango. Kasuku nilimgundua mwezi wa pili nikimpangusa vumbi: unashusha mdomo wake wa chini kama unayemlisha. Ndiyo hivyo tu. Ningejua siku ile, vidole vyote vya Ogutu vingekuwa vizima.

Juu ya jina, wewe ndiye mama. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi sikutaka mtoto wako abebe uchi wangu bila wewe kujua. Ukibadilisha nia sitakuuliza, wala sitamwambia mtu. Ikiwa bado mnataka jina la mwanamke wa Kinoo, Debra ni jina zuri, fupi, na mwenyewe hakuandika. Maina naye hajui lolote kuhusu haya. Nikienda kununua chumvi ananiuliza kila mara, wale wa namba nne wanaendeleaje. Namwambia hawajambo. Nitafurahi nikiweza kumpelekea salamu zilizotoka kwako kweli.

Nyumba bado iko wazi, sijaipangisha. Msalimie Ogutu, ukimsomea au usipomsomea haya ni juu yako, ingawa ningeomba umsomee. Mbusu mtoto kwenye nyayo, huko hata mtu asiyestahili anaweza kubusu. Kula vizuri. Usibebe maji.

Nimetia sahihi kwa jina la mtaani tu. Lile lingine nimekuachia wewe mpaka tarehe ishirini na nane.

Wako,
Mama Shiku